Picha za Bi Harusi kwenye Simu ya Mpwa: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Pemba

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea Pemba, katika mji ambao sitautaja. Mpambaji, binti yake, mpwa wake na familia ya bi harusi wameridhia kiandikwe kwa sharti moja: asitambulike mtu. Nimeondoa majina, nimebadilisha baadhi ya mambo ya kifamilia, na sikutaja duka wala chuo. Upande wa ufundi nimeuacha kama ulivyokuwa, maana huo ndio utakaomfaa mwengine.

Mimi niliingia katikati ya mambo, nilipoitwa na binti wa mpambaji ambaye niliwahi kumfundisha kompyuta. Yaliyotangulia nimeyapata kwa kuwauliza wenyewe, kila mtu kwa wakati wake.

Mpambaji na simu yake

Mpambaji ni mama wa makamo anayesifika kwa hina. Huanza na bi harusi siku kadhaa kabla ya ndoa: singo, hina, piko, nywele, na siku yenyewe humvisha. Wakati wote huo bi harusi yumo ndani na wanawake wenziwe, kichwa wazi, mabega wazi, na hapiti mwanamme. Watu humwamini mpambaji kama wanavyomwamini somo, yule mwanamke anayemfunda bi harusi. Yeye mwenyewe aliniambia, "Mwanangu, aibu ya maiti aijuaye mwosha. Sisi tunayaona mengi, na hatusemi."

Simu yake ndiyo duka lake. Mteja akija kuulizia, kabla ya bei hutaka kuona kazi, na mpambaji humpa simu mkononi apitishe kidole mwenyewe. Humo mlikuwa na picha za mikono na miguu, ambazo hazina neno. Mlikuwa pia na picha za bi harusi mzima mzima, nyengine alizopiga ili akumbuke mpangilio wa nywele, nyengine alizoombwa na bi harusi mwenyewe kwa ukumbusho. Zote zilikaa pamoja.

Sasa habari ya akaunti. Simu nyingi za Android zinapowashwa mara ya kwanza huomba akaunti ya Google. Mpambaji hakuwahi kufungua akaunti kwa mkono wake. Miaka ya nyuma, aliponunua simu janja yake ya kwanza, kijana wa dukani alimfungulia: jina akalibuni yeye, neno la siri akaliweka yeye, na palipotakiwa namba ya kurejeshea akaunti endapo neno la siri litasahaulika, akaweka namba yake mwenyewe ili ujumbe wa uthibitisho umfikie haraka. Neno la siri akaliandika kwa kalamu juu ya boksi. Hakuwa na nia mbaya. Nimeliona jambo hili katika maduka ya Unguja na ya Pemba, na wateja hulihesabu kuwa ni huduma.

Kabla ya Ramadhani alinunua simu mpya. Duka lile lile likaingiza akaunti ile ile, "ili majina yote yaje". Simu ya zamani akampa mtoto wa dada yake aliyekuwa anakwenda kusoma Unguja. Picha alizifuta kwa mkono, moja moja, lakini simu yenyewe haikurudishwa katika hali ya kiwandani, kwa sababu kijana wa dukani alimuonya kwamba ikifutwa yote itajifunga. Onyo hilo lina ukweli nusu. Tangu Android 5.1 ya mwaka 2015, simu inayofutwa kwa nguvu huku akaunti ingalimo hudai akaunti hiyo ya zamani kabla ya kukubali kufunguka. Kilichotakiwa ni kuiondoa akaunti kwanza, kisha kufuta. Mpambaji alielewa kwamba simu haifutwi kabisa.

Ikawa akaunti moja, simu mbili, bahari katikati.

Mambo yalivyokwenda

Mfungo Mosi harusi zilikuwa nyingi na simu mpya ikajaa. Programu ya Google Photos ikamshauri ahifadhi picha katika wingu, yaani kwenye kompyuta za Google zinazofikiwa kwa intaneti, akabonyeza kukubali. Baadaye ikamshauri apunguze mzigo kwenye simu, akabonyeza tena. Programu ikaziondoa kwenye simu picha zilizokwisha kupanda, zikabaki katika wingu tu. Yeye hakuona tofauti, kwa sababu picha ziliendelea kuonekana pale pale.

Mpwa alikuwa ameshaona. Katika simu yake zilianza kutokea picha za wanawake waliopakwa hina, kwanza asiowajua, kisha wengine anaowajua. Akaacha kuifungua programu ile. "Mama mdogo, niliziona tangu Mfungo Tatu," alisema baadaye, "nikaona haya. Ningekwambiaje?" Na mpambaji naye alikuwa ameshaona kitu kwa upande wake: picha za vijana wakila urojo na mishikaki Forodhani. Alidhani zimeingia kutoka makundi ya WhatsApp.

Siku moja dakhaliani (bwenini), mwenzake mpwa alichukua simu ile kutafuta picha ya mechi. Akakutana na mke wa kaka yake, kichwa wazi, siku ya hina yake. Alishtuka, akampigia dada yake kumuuliza imekuwaje. Jioni ya pili yake, baada ya Isha, wazee wa upande wa bwana harusi walikuwa barazani kwa mpambaji.

Hapo kila mtu alikwenda mbio. Wa kwanza kutuhumiwa alikuwa msaidizi wa mpambaji, msichana ambaye hushika simu ile wakati wa kazi. Akaambiwa akae kwao. Baada yake wakatuhumiwa wadukuzi. Simu ikapelekwa kwa fundi, fundi akasema imeingiliwa. Akaifuta yote, akaweka programu ya kuua virusi na nyengine ya kusafisha simu, zote mbili zikiomba ruhusa ya kuona picha na mafaili yote, kisha akaingiza tena akaunti ile ile kutoka kwenye boksi. Picha zikarudi kutoka winguni, isipokuwa chache za karibuni ambazo zilikuwa hazijapanda. Hizo zilipotea moja kwa moja. Mpambaji akalipa akiamini yamekwisha. Haikupita wiki, mpwa akaona picha mpya.

Ndipo mpwa alipoishinda haya yake, akampigia binti wa mpambaji. Binti akanipigia mimi.

Uchunguzi

Uamuzi wa kwanza haukuhusu ufundi. Mimi ni mwanamme, na tatizo lenyewe lilikuwa wanaume kuziona picha zile. Kwa hiyo simu sikuishika. Nilikaa barazani, binti akakaa ndani na mama yake, nikawa nauliza naye ananisomea kilichoandikwa kwenye skrini. Njia hii ni ya polepole lakini inawezekana kabisa. Karibu kila jibu tulilolihitaji lilikuwa kwenye mipangilio, na mipangilio ni maandishi matupu. Nalieleza hili kwa sababu nimewaona mafundi wakifungua galari ya mteja kabla ya kitu chochote, pasipo haja yoyote ya kazi.

Nilimwomba aingie kwenye akaunti ya Google, sehemu ya usalama, asome orodha ya vifaa vilivyoingia. Akasoma simu mbili. Moja ilikuwa ya aina ile aliyopewa mpwa. Mpambaji alinyamaza, kisha nikamsikia akisema kwa binti yake, "Basi yule mtoto wa watu nimemdhulumu." Alikuwa anamkusudia msaidizi.

Tukasoma namba ya kurejeshea akaunti. Haikuwa yake. Binti aliitambua, ni ya kijana wa dukani.

Virusi havikuwapo, wala mdukuzi, wala programu ya ujasusi. Kila kitu kilikuwa kinafanya kazi kama kilivyoundwa. Akaunti ya namna hii imetengenezwa ili vifaa vyote vya mtu mmoja vione vitu vyake vyote. Hapa mtu huyo mmoja alikuwa watu wawili, na ufunguo wa akiba alikuwa nao mtu wa tatu. Ndiyo maana kuifuta simu mpya hakukusaidia hata chembe, kwani mvujo haukuwa ndani ya simu.

Maamuzi na sababu zake

*Kufunga milango kwa mpangilio.* Binti alitaka kufuta picha zote papo hapo, na nilimuelewa. Lakini picha nyingi hazikuwamo tena kwenye simu, zilikuwa winguni tu, na baadhi yake maharusi walikuwa bado hawajachukua nakala zao. Zaidi ya hapo, ukifuta ndani ya Google Photos huku kuhifadhi kumewashwa, picha hufutika na kwenye simu pia, na picha za mpwa nazo zilikuwa zimechanganyika humo. Tukafuata utaratibu huu. Kwanza tuliweka namba ya mpambaji mahali pa namba ya kijana wa dukani, kwa sababu ukibadili neno la siri ukaiacha namba ya kurejeshea, mwenye namba ile anaweza kuirejesha akaunti kwake. Pili, tulibadili neno la siri. Tatu, tuliitoa simu ya mpwa katika akaunti na kuzima kuhifadhi kwenye simu zote mbili. Nne, tuliwasha uthibitisho wa hatua mbili, ili neno la siri peke yake lisitoshe kuingia. Akaunti ilipokuwa ya mtu mmoja kweli, haraka ikaisha. Tulipata muda wa kushusha kila kitu kwenye kompyuta ya binti kupitia huduma ya Google ya kutoa nakala, usiku baada ya usiku kwa bando la usiku, mpaka ikakamilika. Ndipo tulipofuta katika wingu kwa kutumia kivinjari, na kulimwaga pipa la taka, kwani picha iliyokuwa imehifadhiwa huko hukaa pipani siku 60 kabla ya kutoweka yenyewe.

Mpwa kwa upande wake aliiondoa akaunti, akairudisha simu katika hali ya kiwandani, akajifungulia akaunti yake. Simu haikujifunga.

*Kutumia programu huria.* Programu huria ni ile ambayo msimbo wake, yaani maandishi yaliyoiunda, uko wazi, na yeyote mwenye ujuzi anaruhusiwa kuusoma, kuurekebisha na kuusambaza. Kiini cha Android chenyewe ni programu huria. Tabaka la huduma za Google lililowekwa juu yake, ambalo ndilo linalodai akaunti, si huria. Sababu yangu ya kwanza ya kuzichagua ilitokana na kisa chenyewe: mvujo ulipita kwenye akaunti, na programu nyingi huria za kazi za kila siku hazihitaji akaunti kabisa. Palipokosekana akaunti, hapana wa kukufungulia dukani, hapana neno la siri la kuandikwa kwenye boksi.

Sababu ya pili ni uthabiti. Kulikuwa na mkusanyiko wa programu huria zilizopendwa sana ulioitwa Simple Mobile Tools. Mwishoni mwa mwaka 2023 mwenyewe aliuuza kwa kampuni ya programu, na watumiaji wakaingiwa na hofu ya matangazo na ufuatiliaji. Kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi, wachangiaji wake waliuchukua na kuuendeleza kwa jina la Fossify. Mtumiaji akawa na pa kuhamia, na programu ni ile ile. Kwa programu iliyofungwa, ikiuzwa, na wewe unauzwa nayo.

*Galari isiyo na intaneti.* Tuliizima Google Photos, tukaondoa programu mbili za fundi, tukaweka galari ya Fossify. Hiyo haiombi ruhusa ya intaneti hata kidogo, kwa hiyo haina njia ya kupeleka picha popote. Tuliipata F-Droid, ghala la programu huria lililoanza mwaka 2010. F-Droid haiko kwenye duka la Google, hupakuliwa kutoka tovuti yake, na simu hudai ruhusa ya kuweka programu kutoka nje. Hapo nilikuwa mkali. Ruhusa ilipewa F-Droid peke yake, na kivinjari kikanyimwa mara tu kazi ilipokwisha, kwa sababu njia hiyo hiyo ndiyo inayoingiza WhatsApp za bandia ambazo vijana wetu hurushiana.

Galari hii inaweza kuficha folda na kuifunga kwa alama ya kidole. Nilimwambia mpambaji wazi: kuficha si kusimba, yaani si kuligeuza faili lisisomeke bila neno la siri. Folda iliyofichwa haionekani kwa anayepitisha kidole, lakini simu ikichomekwa kwenye kompyuta ikiwa wazi, mafaili yapo. Picha za kuhifadhiwa kwa muda mrefu zilihamishiwa kwenye kompyuta ya binti, ndani ya sanduku lililosimbwa kwa VeraCrypt, programu huria iliyotokana na TrueCrypt mwaka 2013. Sanduku hilo likisahauliwa neno lake la siri, hakuna kampuni ya kupigiwa simu. Neno likaandikwa katika daftari linalokaa kwenye kasha la nguo la mpambaji, chini ya kufuli. Nilipendekeza KeePassDX, programu huria ya kuhifadhi maneno ya siri, binti akaipenda na anaitumia. Mama alikataa, akasema daftari analielewa. Sikumshindania. Kwake yeye, kasha lile halijawahi kufunguliwa na mtu mwengine, wakati simu hushikwa na kila mteja.

*Mteja na simu.* Hapa hatukuweka programu yoyote. Tulichagua picha za mikono na miguu pekee, tukazichapisha zikawa albamu ya karatasi. Mteja asiyeridhika na albamu anaoneshwa simu ikiwa imebandikwa skrini, uwezo uliomo ndani ya Android tangu toleo la 5. Programu iliyofunguliwa inabaki pale pale, mteja hawezi kutoka kwenda kwengine mpaka mwenyewe aifungue. Hata katika picha za mikono tulipitia moja moja, kwa sababu baadhi ya maharusi huomba herufi za jina la bwana harusi zifichwe ndani ya maua ya hina, na pete za urithi hujulikana mtaani.

*Tulichokikataa.* Binti alisoma kuhusu LineageOS na GrapheneOS, mifumo inayochukua nafasi ya Android iliyokuja na simu, akatamani. GrapheneOS hufanya kazi kwenye simu za Pixel tu, na simu ya mama haikuwa katika orodha ya LineageOS. Hata ingekuwamo ningesita, kwa sababu programu za fedha aghalabu hugoma kwenye mifumo ya namna hiyo, na mpambaji hulipwa kwa simu.

Matokeo

Wazee walifikiria kwenda kwa sheha, na mmoja wao alitaka polisi. Wangekuwa na pa kusimamia: Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, kifungu cha 15, inalinda faragha ya mtu, familia yake na mawasiliano yake. Lakini walipoelezwa jambo lilivyotokea, hatua kwa hatua, na mpwa akaja kutoka Unguja kuomba radhi mwenyewe, waliridhia limalizikie nyumbani. Bi harusi hakuwapo katika kikao hicho. Mpambaji alimwendea peke yake siku nyengine, na yaliyosemwa huko yamebaki baina yao.

Mwenzake mpwa alikiri kwamba aliipiga picha ile kwa simu yake ili amuoneshe dada yake. Aliifuta mbele ya mpwa, na pipani pia. Haikuonekana mahali pengine.

Msaidizi aliombwa radhi na kuitwa kazini. Hakurudi. Sasa anapamba na mtu mwengine.

Jambo kubwa kuliko yote lilitoka kwa mpambaji mwenyewe, na mimi sikulifikiria. Alijiwekea kanuni kwamba picha za bi harusi hazikai kwake zaidi ya fungate. Ndani ya siku hizo bi harusi hupewa zake kwa LocalSend, programu huria inayorusha mafaili kutoka kifaa hadi kifaa katika mtandao wa karibu, bila akaunti na bila kula bando. Wanawake waliozoea kurushiana kwa Xender waliielewa papo hapo. Zikishakabidhiwa, zinafutwa mbele ya macho ya mwenyewe. Kinachobaki ni zile za mikono ambazo bi harusi amesema "hizi waoneshe".

Uchambuzi: kilichofaa

Mpangilio wa kufunga milango ulifaa kuliko programu zote. Kama tungeanza kwa kufuta, tungepoteza picha za watu, na namba ya kurejeshea ingebaki mikononi mwa mwengine. Hatua zile nne zilichukua chini ya saa moja na hazikuhitaji kuweka kitu chochote kipya.

Ulifaa pia uchache. Nimekutana na watu walioshtuka kwa kisa kama hiki wakajaza simu programu za ulinzi, kila moja na ruhusa zake, kama alivyofanya fundi. Hapa programu tatu ziliondolewa au kuzimwa, na zilizoingia kubaki kwenye simu ya mama ni chache: F-Droid, galari na LocalSend. Kila moja alijua inafanya nini na kwa nini ipo.

Na ilifaa kuheshimu mila tangu mwanzo. Kama ningeishika simu ile na kuanza kupekua, nisingesikilizwa tena katika nyumba ile, na ingekuwa haki yao. Binti alijifunza kwa kufanya mwenyewe, na leo wanawake wenziwe wanamuendea yeye, ndani, bila haja ya mwanamme barazani.

Uchambuzi: kilichoshindikana

Signal, programu ya kutumiana ujumbe, ilishindikana kwa wateja. Nilipendekeza mazungumzo na maharusi yahamie huko: msimbo wake uko wazi, inaendeshwa na taasisi isiyotafuta faida, ujumbe unaweza kuwekewa muda wa kujifuta, na tangu mwaka 2024 mtu anaweza kuwasiliana bila kuonesha namba yake. WhatsApp nayo husimba mazungumzo tangu mwaka 2016 kwa itifaki iliyotoka Signal, lakini nakala rudufu zake hupanda katika akaunti ya Google, na hazisimbwi kwa ufunguo wako mpaka uuwashe ulinzi huo mwenyewe; chaguo hilo lilikuja mwaka 2021. Hoja zote zilieleweka na hakuna aliyehama. Shangazi, somo, mshoni na bwana harusi wote wako WhatsApp, na bando la bei nafuu ni la WhatsApp. Signal ilibaki kati ya mpambaji na binti yake. Kwa wengine tulifanya lililowezekana: tuliwasha ulinzi wa nakala rudufu, na picha za bi harusi hazitumwi tena kwa mtandao wowote, hukabidhiwa ana kwa ana.

Syncthing, programu huria ya kulinganisha folda za simu na kompyuta, ilishindikana kwa sababu nyengine. Simu ilikuwa inaizima kila mara ili kubana betri, na programu rasmi ya Android ilisimamishwa na watengenezaji wake Disemba 2024, ikaendelezwa na wengine. Mtu mzoefu angeisimamia. Kwa mpambaji, waya wa kuchomeka kwenye kompyuta ulitosha.

Lililonisikitisha zaidi ni taarifa kwa maharusi wengine. Msimamo wangu ulikuwa kwamba kila aliyekuwa na picha katika akaunti ile kwa miezi ile aambiwe, kwa kuwa picha ni yake na yeye ndiye wa kupima uzito wa jambo. Mpambaji aliwaambia wachache walio karibu naye, waliobaki akawanyamazia. Hofu yake ni ya kweli: biashara yake ni jina lake. Lakini wapo wanawake ambao picha zao zilikaa katika simu ya kijana dakhaliani na mpaka leo hawana habari. Nimemwambia mara kadhaa kwamba deni hilo halijalipwa, naye hakatai.

Ipo pia ile haya ya mpwa. Angesema Mfungo Tatu, jambo lingekwisha kwa simu moja ya dakika tano, kabla ya mwengine yeyote kuona. Simlaumu, kwani hakuwa na namna nyepesi ya kulisema. Binti ndiye aliyepata dawa yake. Sasa akimsaidia mtu kupeana simu na ndugu, humwambia yule anayepokea, mbele ya mtoaji: "Ukiona chochote cha mwenzako humu, niambie mimi, si lazima umwambie yeye."

Dukani

Nilikwenda kumuona kijana wa dukani, nikamkuta msikivu. Alifungua simu yake, akanionesha jumbe za Google za kuthibitisha akaunti za wateja wake, nyingi, za miaka. Hakuwahi kufikiria kwamba zote zile ni funguo alizonazo mkononi. Tulikubaliana mambo matatu: mteja anaandika neno la siri kwa mkono wake, hata kama anachelewesha foleni, namba ya kurejeshea ni ya mteja, na simu ya zamani inaondolewa akaunti na kufutwa pale pale kaunta, mteja akiona. La kwanza na la tatu anayafanya. La pili bado linamshinda pale mteja anapokuja bila laini yake, na wateja wa namna hiyo ni wengi, hasa kina mama wanaoagiza watoto wawanunulie.